Homa Baada ya Kupandikizwa Uloto

Tangu mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili inapandikiza uloto, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Leo tuanzie pale mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini.

Uloto ndio kiwanda cha damu. Dawa kali hukiondoa cha zamani, na kwa wiki kadhaa mwili unakaa bila askari. Vidonda hutoka mdomoni na kooni, hata kumeza mate ni kazi. Kinga kamili hurudi taratibu, pengine mwaka na zaidi.

Basi kipimajoto kikae kando ya kitanda. Kikisoma nyuzi 38, hata saa nane za usiku, nendeni hospitali. Usimpe dawa ya homa ukasubiri kuche: joto litashuka, vijidudu vitabaki kwenye damu. Na huku kwetu malaria na kifua kikuu vipo jirani. Ndiyo maana siku 100 za mwanzo ni vyema kuishi karibu na hospitali; kodi ya chumba hicho, kwa maoni yangu, ihesabiwe ndani ya matibabu.

Aliyepewa uloto wa ndugu ana la ziada. Chembe za ndugu zinaweza kumgeukia mwenyeji wao. Tazama viganja na nyayo: kuna upele mwekundu? Macho yamekuwa manjano? Anaharisha? Dawa za kuzuia hali hiyo zisikatishwe eti kwa sababu amenawiri.

Kachumbari ya barabarani nayo isubiri. Na chanjo za utotoni, mama, huanza upya. Ulizia tarehe kliniki.