Mazungumzo juu ya Dawa za Mafua



Nimeombwa niseme machache juu ya dawa za mafua, nami nitazipima kwa desturi ya makarani: fedha itokayo na faida iingiayo.

Hakuna hata moja iuayo virusi vya mafua. Antibayotiki huua bakteria tu. Azinunuaye kwa mafua ametupa mshahara wake. Vitamini C, ikianzwa baada ya makamasi kutoka, haijaonekana kufupisha ugonjwa. Mwezi wa Septemba 2023 washauri 16 wa mamlaka ya dawa ya Marekani walikubaliana wote kwamba fenilefrini, iliyomo katika vidonge vingi vya kuzibua pua, ikimezwa haizibui. Asali hutuliza kikohozi, na bei yake ni nafuu, ila mtoto asiyetimiza mwaka asipewe kamwe.

Parasetamoli hushusha homa kweli kweli. Nayo ndiyo inayonitia hofu. Mtu humeza vidonge vyake viwili, kisha hunywa dawa ya mafua yenye jina jingine, asijue kuwa imo parasetamoli ile ile. Mtu mzima asipite gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Akizidisha, ini huharibika, na siku ya kwanza huenda asisikie lolote. Je, sisi tusomao majalada mchana kutwa tushindwe na maandishi ya pakiti?

Homa ya influenza ina dawa yake, oseltamivir, kwa amri ya daktari. Hufaa zaidi ikianzwa katika saa 48 za kwanza.

Sasa nangoja maswali yenu.