KAA KWANZA, PIGA HESABU

Somo: Luka 14:28-30

  

Leo nataka tuzungumze juu ya kununua. Huenda mtu akasema, "Mchungaji, hayo ni mambo ya sokoni, yaache huko huko." Lakini Bwana Yesu hakuyaacha huko. Katika somo letu asema habari za mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo yampasa kukaa kwanza na kupiga hesabu, aone kama ana vya kumalizia. Asipofanya hivyo, ataweka msingi, fedha zitamwishia, na wapitao njia watamcheka. Bwana alikuwa akifundisha habari ya kumfuata yeye, lakini aliutoa mfano wake katika jambo ambalo kila msikilizaji alilifahamu. Watu walijua aibu ya ukuta ulioachwa nusu. Hata sisi tunaijua.

Hapa Awendo tunaifahamu sana kazi ya kungoja. Tangu kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa mwaka 1979, maisha ya nyumba nyingi, kutoka Rongo hadi Uriri na upande wa Ndhiwa, yamefuata mwendo wa muwa. Na muwa si mahindi. Miwa ya kwanza hukaa shambani miezi 18, na mara nyingi zaidi. Mtu hulima, hupanda, hupalilia, hutia mbolea, kisha hungoja mvua na jua vifanye kazi yao. Malipo yanapofika, gharama za mbolea, za kukata na za kusafirisha zimekwisha kuondolewa. Kinachobaki ni jasho la mwaka mmoja na nusu, nacho chaweza kuisha jioni moja. Miezi 18 ya kungoja, na dakika tano za kununua! Hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Nitatoa mfano wangu kwa vijana, katika mambo ya michezo ya video. Wazee wangu, msizime redio. Neno hili litawafikia na ninyi. Michezo hii ni ile ichezwayo kwa mashine iliyounganishwa na televisheni. Katika miji yetu viko vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo na kucheza mpira wa miguu kwenye kioo. Wengine hununua mashine yao wenyewe, kisha hukusanya diski za michezo, moja baada ya nyingine, kama vile zamani watu walivyokusanya stempu za barua. Sisemi kwamba jambo hilo ni dhambi. Mchezo ni mchezo, na moyo wa kijana wapenda kucheza. Ninachouliza ni hiki: unapotoa fedha, ni nani aliyekata shauri? Ni wewe uliyefikiri nyumbani, au ni kile kitu kilichong'aa mbele ya macho yako?

Hebu tuwafikirie vijana wawili, ndugu wa jirani. Kila mmoja amepewa na wazazi wake kipande cha shamba alime miwa. Wote wawili wanapenda kukusanya michezo, na malipo yao yamefika siku moja.

Wa kwanza ana daftari. Ameandika humo michezo mitatu anayoitaka kweli. Kabla ya kwenda mjini ametenga fungu la kumi, ametenga karo ya dada yake, ametenga chakula na mbegu. Kilichobaki amekigawanya, na sehemu ndogo ameitia katika mkebe wa michezo. Anafika dukani, anauliza mchezo mmoja kati ya ile mitatu. Anaigeuza diski aone kama ina mikwaruzo. Anaijaribu. Ananunua, anarudi nyumbani, na anaifurahia miezi mingi.

Wa pili hana daftari. Amekwenda mjini kununua mpini wa jembe. Njiani anapita mbele ya duka, anasikia, "Bei hii ni ya leo tu, kesho hakuna!" Anaingia, na anatoka na diski tano. Akifika nyumbani, mbili zinakataa kuingiana na mashine yake, moja imekwaruzika, na mbili zilizobaki anazicheza mara moja na kuzichoka. Tena mpini wa jembe ameusahau.

Shule zinafunguliwa. Dada wa kijana huyu anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, naye anakaa mlangoni na sare yake, akitazama wenzake wakipita barabarani. Kaka anazichukua diski zake kwenda kuziuza. Ole wake! Kitu kilichonunuliwa kwa haraka hakiuziki kwa haraka. Anapewa bei isiyotosha hata daftari za muhula mmoja.

Ndugu zangu, msidhani kwamba jambo hili la diski kukataa mashine nimelibuni. Wanaozijua mashine hizi watawaambia. Diski ya PlayStation 2 iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani haikubaliwi na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Diski ya PlayStation 3 haichezi katika PlayStation 4. Tena ziko PlayStation 5 zisizo na mahali pa kutia diski kabisa. Mwenye kukaa na kuuliza atayajua hayo kabla ya kutoa fedha. Mwenye haraka atayajua baadaye, na elimu hiyo itamgharimu.

Au chukueni ule mchezo wa mpira. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, na tangu hapo kila mwaka hutolewa mwingine. Mwaka 2023 jina likabadilika, ukaitwa EA Sports FC, lakini desturi ni ile ile. Kila mwaka mpya watoka kwa bei kubwa, na ule wa mwaka jana hushuka bei. Mpira ni ule ule, goli ni lile lile. Mwenye subira hungoja kidogo na kulipa kidogo.

Wala haraka hii haiwapati wanunuzi peke yao. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitaka kuuza mchezo mpya kabla ya Krismasi, uliotokana na filamu iliyopendwa sana wakati ule, *E.T.* Mtengenezaji akapewa muda wa kama wiki tano tu. Mchezo ukatoka haujaiva, na mingi ikabaki bila wanunuzi. Mwezi wa Septemba 1983 shehena za michezo ya kampuni hiyo zilipelekwa Alamogordo, katika jimbo la New Mexico, zikafukiwa jaani. Mwezi wa Aprili 2014 watu walikwenda wakachimba, wakaikuta bado iko chini ya udongo. Wahenga wetu walisema, haraka haraka haina baraka.

Sasa, wazee wangu, nanyi mama zangu, na mimi pia ninayesema, tusiwacheke vijana. Diski zetu ni zipi? Kwa mwingine ni redio kubwa kuliko nyumba. Kwa mwingine ni vikombe vya kabati visivyonywewa chai, au pikipiki iliyonunuliwa siku ya malipo na kukosa petroli wiki ya pili. Tena siku hizi duka limeingia mfukoni. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hutoka kwa kubonyeza kidole. Na tangu Fuliza ilipokuja mwaka 2019, mtu aweza kulipa hata kiasi asichokuwa nacho, akabaki na deni. Ni msaada mkubwa kwa mwenye shida ya kweli. Lakini zamani mtu alikuwa na safari ya kwenda sokoni, na katika safari ile moyo ulipata nafasi ya kupoa. Leo safari hiyo haipo, na ni lazima tujiwekee wenyewe nafasi ya kufikiri. Bandu bandu huisha gogo.

Biblia yatuonyesha mtu aliyeangamizwa na dakika tano. Katika Mwanzo 25 Esau alitoka nyikani na njaa, akanusa chakula cha dengu kilichopikwa na ndugu yake, na palepale akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Njaa yake ilikuwa ya kweli, nacho chakula kilikuwa kizuri. Lakini alikiacha kile sahani kimpangie bei.

Tena Biblia yatuonyesha mkusanyaji mwema. Katika Mathayo 13 Bwana asimulia habari za mfanya biashara aliyetafuta lulu nzuri. Alipoiona moja ya thamani kubwa, aliuza vyote alivyokuwa navyo akainunua. Je, hiyo haikuwa haraka? Sivyo. Mtu yule alikuwa akitafuta siku nyingi, alijua lulu ni nini, alijua anachokitaka. Ndiyo maana aliweza kukata shauri siku ilipoonekana. Mwenye kujua anachokitafuta hatishwi na sauti ya kuuza.

Lakini nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu. Daftari peke yake haliokoi mtu. Katika Luka 12 yumo tajiri aliyepanga mambo yake vizuri sana. Alihesabu mavuno, akapanga ghala mpya, akapanga miaka ya kula na kunywa. Mungu alimwita mpumbavu, kwa sababu katika hesabu yake yote hamkuwa na mtu mwingine ila yeye mwenyewe. Kijana mwenye daftari aweza kuwa bahili mwenye mwandiko mzuri.

Na upande mwingine, fikirini juu ya Msamaria mwema katika Luka 10. Je, alikuwa amepanga kutumia fedha siku ile? Hapana. Alimkuta mtu aliyepigwa njiani, na huruma ikamsukuma papo hapo. Alitoa mafuta, akatoa divai, akampandisha juu ya mnyama wake, na kesho yake akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni. Hakusema, "Nitalala kwanza nifikiri." Lakini angalieni: dinari mbili zile alikuwa nazo! Kama angalikuwa amemaliza zote kwa vitu vilivyong'aa sokoni, huruma yake ingalibaki machozi tu kando ya barabara.

Basi neno langu la leo ni hili: mkono wako uwe mzito wa kununua, ili uwe mwepesi wa kutoa. Tunapiga hesabu ya mnara wetu ili siku jirani atakapogonga mlango usiku, akiwa na mtoto mwenye homa, na gari la kwenda hospitali linahitajika, tusiwe watu wa kusema pole na mikono mitupu.

Nawaachieni mashauri manne, na yeyote aweza kuyafuata, kijana hata mzee.

La kwanza, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu kisichokuwamo katika orodha yako kisikutoe fedha siku ile ile.

La pili, tenga kwanza. Ya Mungu, ya chakula, ya karo, ya jirani. Kisha kilichobaki kifanye kazi ya furaha yako. Usianze na furaha.

La tatu, lala nayo usiku mmoja, na uiombee. Kama bado waitaka kesho asubuhi, nenda ukaulize bei na ukitazame kitu vizuri. Mwenye duka akisema kesho hakuna, mwache. Mungu ana kesho nyingi.

La nne, maliza ulicho nacho. Kijana, kabla hujatafuta mchezo mwingine, cheza ule ulioununua, au umpe mwenzako. Mama, tumia vikombe vile vya kabatini. Kitu kisichotumika ni fedha iliyokufa, na penye fedha iliyokufa huenda pana mtoto aliyekaa mlangoni na sare yake.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe wajua tulivyo wepesi wa macho. Utufundishe kungoja, kama tunavyoungoja muwa shambani. Utupe kiasi katika yale tunayoyapenda. Uwakumbuke walionaswa katika madeni, ukawape njia ya kutoka na ndugu wa kuwasaidia. Ubariki kazi ya wakulima wetu, ukabariki vijana wetu katika michezo yao na masomo yao. Na siku utakapotuletea mtu mwenye shida, tuwe na kitu mkononi na upendo moyoni. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Mungu awabariki nyote.