Kuchagua Plagi za Mashine ya Boti na za Gari: Mada kwa Wakazi wa Kata za Ufukweni



Plagi ni kitu kidogo kinachotosha kiganjani, na bei yake haikaribii bei ya wavu wala ya tairi. Kwa sababu hiyo watu wengi huinunua wakiwa njiani, katika duka la kwanza wanalokutana nalo, na swali pekee wanalouliza ni kama itaingia. Swali hilo halitoshi. Gari likizimika kati ya Mwanga na Mwandiga, abiria hushuka, hulalamika kidogo, kisha hupanda gari jingine. Boti ikizimika usiku kati ya Kibirizi na Kagunga, hakuna pa kushukia. Kina cha Ziwa Tanganyika hufikia mita 1,470, na mahali pengi, hata pasipo mbali na nchi kavu, kamba ya nanga haigusi chini. Upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi ukiamka, chombo kisicho na mashine hufuata upepo.

Kazi ya plagi ni kutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Mashine ya boti ya mipigo miwili inayozunguka mara 5,000 kwa dakika huhitaji cheche 5,000 katika kila silinda kwa dakika hiyo moja. (Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, kwa hiyo Liemba, iliyoanza safari zake ziwani kwa nguvu ya mvuke na baadaye kufungwa injini za dizeli, haimo katika mada hii.) Mashine nyingi za 15 na za 40 zinazofungwa nyuma ya boti zetu zina silinda 2, yaani plagi 2, na zote hubadilishwa kwa pamoja. Anayebadilisha moja na kuiacha nzee katika silinda ya pili huitaabisha mashine na huutaabisha mkono wake wa kuvuta kamba.

Jambo la kwanza kulisoma ni maandishi yaliyo juu ya kauri nyeupe. Kwa mashine nyingi za mipigo miwili, kitabu cha mtengenezaji hutaja plagi ya NGK yenye alama B7HS au B8HS. Herufi B huonyesha kwamba upana wa nyuzi ni milimita 14. Namba inayofuata ni daraja la joto. Herufi H huonyesha kwamba urefu wa nyuzi ni milimita 12.7, na S huelezea kiini cha shaba. Alama ikimalizikia kwa 10 au 11, hiyo ni nafasi ya kurukia cheche: milimita 1.0 au 1.1.

Hapa ndipo "itaingia" inapowaponza watu. Plagi yenye herufi E, ambayo ni ya kawaida katika pikipiki na magari ya zamani, ina nyuzi za upana uleule wa milimita 14, lakini urefu wake ni milimita 19. Ikifungwa katika tundu la plagi fupi, huingia vizuri kabisa na hukaza vizuri kabisa, kisha hutokeza zaidi ya milimita 6 ndani ya silinda. Pistoni ikipanda yaweza kuigonga. Kinyume chake, plagi fupi katika tundu refu huacha nyuzi za ndani wazi. Masizi huzijaza, na siku plagi sahihi itakapotafuta nafasi yake, haitaipata. Mwenye duka hana kosa hapo, kwani aliulizwa kama itaingia naye akajibu kweli.

Daraja la joto halionekani kwa macho, na ndilo linaloharibu mashine nyingi. Plagi iitwayo ya baridi huondoa joto lake haraka, na iitwayo ya moto hulikawiza. Boti iliyojaa abiria na magunia, inayokwenda kwa kasi saa nzima kuelekea kaskazini, huchemsha silinda kuliko gari linalosimama kila kituo. Ikiwekewa plagi ya moto kupita kiasi, ncha hugeuka kaa, petroli huwaka kabla ya wakati wake, na mwisho wake huwa pistoni iliyotoboka. Plagi ya baridi kupita kiasi katika mashine inayokwenda polepole haipati joto la kujisafisha. Hufunikwa na masizi, na mashine hukohoa hadi kuzima.

Tena namba hizi hazisomwi kwa namna moja. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch, namba kubwa ni ya moto zaidi. Zaidi ya hayo, Denso huhesabu kwa kipimo chake: 22 yake hukaribiana na 7 ya NGK. Kwa hiyo fundi anayehama kutoka jina moja hadi jingine kwa kulinganisha namba tupu hubahatisha na mali ya mtu. Jedwali la ulinganifu hutolewa na watengenezaji wenyewe; duka lisilo nalo linunuliwe plagi ya jina lililomo kitabuni tu.

Plagi ya zamani isitupwe kabla ya kutazamwa. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya mashine yenye afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli nyingi kuliko hewa. Weusi wa majimaji yenye mafuta, kwa mashine ya mipigo miwili, mara nyingi hutokana na oili iliyozidi: kitabu kikitaka lita 1 kwa lita 50 za petroli, wapo wanaoongeza "kwa usalama", kisha wakailaumu plagi. Kauri nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto lililopita kiasi, na hapo mashine isiendeshwe tena kabla fundi hajaikagua.

Kuhusu bidhaa bandia, washa ya plagi halisi haitoki kwa urahisi ikivutwa kwa vidole, nyuzi zake ni laini, maandishi hayafutiki kwa kusuguliwa, na ncha ya katikati imekaa katikati kweli. Bei iliyo chini mno nayo ni dalili. Mnunuzi adai risiti, kwa kuwa malalamiko yanayopelekwa TBS au Tume ya Ushindani bila risiti huwa vigumu kuyafuatilia.

Kufunga kunahitaji subira. Injini iachwe ipoe, maana kichwa cha alumini kikiwa cha moto nyuzi zake huharibika upesi. Plagi ianzwe kwa vidole hadi ikome, kisha spana iongeze nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa plagi mpya yenye washa. Kusugua ncha kwa brashi ya waya, desturi iliyozoeleka sana, huacha chembe za chuma juu ya kauri, na umeme hupita humo badala ya kuruka pale unapotakiwa.

Kila boti inayovuka usiku ibebe plagi 2 mpya zenye alama ileile, zilizokwisha kupimwa nafasi, pamoja na spana yake na tochi, ndani ya kopo lenye mfuniko usiopitisha maji. Kopo hilo lifungwe kwa kamba chini ya kiti cha nahodha, mahali mkono unapofika bila kusimama.