Utafiti wa Ubongo wa Mtoto: Nani Analipa?

Mama msikilizaji, nawe nyanya unayelea wajukuu, leo tuzungumze juu ya pesa. Mtu akibisha mlangoni kwako, iwe Njoro, Molo au Bahati, akitaka kumpima mtoto kwa ajili ya utafiti wa akili au kifafa, kuna anayemlipa. Una haki ya kuuliza ni nani.

Chukua mfano wa Kilifi, kule Pwani. Tangu 1989 taasisi yetu ya KEMRI inafanya utafiti huko kwa ufadhili wa Wellcome Trust ya Uingereza. Shirika hilo lilianzishwa kwa mali ya tajiri wa dawa aliyefariki 1936. Malaria ilikuwa ikiwapanda watoto kichwani. Wengine walipona homa lakini wakabaki na kifafa au shida ya kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapimaji walipita vijijini wakiwauliza walezi maswali kumi tu. Mtoto anasikia? Alichelewa kukaa au kutembea? Huwa anaanguka na kukakamaa? Majibu ya akina mama ndiyo yaliyoonyesha ni watoto gani wachunguzwe zaidi.

Kazi hiyo ni ghali. Sheria ya Kenya ya 2013 inataka utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa, lakini kiwango hicho hakijafikiwa. Ndiyo maana wafadhili wa nje wana sauti kubwa.

Basi uliza: kamati ya maadili imeidhinisha? Nikikataa, mtoto wangu bado atatibiwa? Jibu liwe ndiyo. Kurudishiwa nauli ni sawa. Ukiahidiwa pesa nyingi, shtuka. Usomewe karatasi kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Kikuyu au Kikalenjin, kabla ya kuweka sahihi au kidole gumba.

Swali linalosahauliwa ni hili: ufadhili ukiisha, itakuwaje? Pesa za utafiti hutolewa kwa miaka michache tu, na mtoto mwenye kifafa huenda akahitaji dawa kwa muda mrefu zaidi. Dawa hiyo ikikatizwa ghafla, anaweza kupatwa na degedege mfululizo, nayo huua. Uliza mapema ataipata zahanati gani baadaye, na kwa bei gani. Ukiona vidonge vinakaribia kwisha na watafiti hawaonekani, usingoje. Mpeleke hospitali iliyo karibu, ukibeba kadi yake na chupa ya dawa.