Jasho la Mazoezi na Sahani ya Futari



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu vijana, na wazazi mlio nasi, leo nina neno dogo. Kila Ramadhani, kuanzia Majengo na Eastleigh hadi Kayole, vijana wetu hucheza mpira kabla ya adhana ya Magharibi. Wengine hungoja Tarawehe iishe ndipo wakabebe vyuma. Hilo ni jema. Lakini kuna swali halikomi: "Kaka, ninunue vidonge gani vya antioksidanti?"

Kwanza tuelewane. Unapofanya mazoezi mwili hutumia oksijeni zaidi, na hapo hutokea chembe ambazo zikizidi hudhuru seli. Kata parachichi uliache wazi, litageuka jeusi. Likamulie ndimu, litakawia. Antioksidanti hufanya kazi kama ile ndimu. Miongoni mwake ni vitamini C, vitamini E na betakarotini, ile rangi ya karoti.

Basi mtu husema, kama kidogo chafaa, kingi chafaa zaidi. La hasha! Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika Ujerumani kwa vijana wa kiume waliofanya mazoezi kwa wiki 4. Waliomeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E walikosa faida waliyoipata wenzao, yaani mwili kuitumia insulini vizuri zaidi. Kwa nini? Zile chembe, kwa kiasi chake, ndizo zinazouamsha mwili ujenge kinga yake wenyewe. Ukizizima kwa vidonge, umemfukuza mwalimu darasani. Na huko Finland, mwaka 1994, ilionekana kwamba wavuta sigara waliopewa vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu.

Sasa tutazame sahani zetu. Futari ni sambusa, bajia, mahamri na viazi karai. Mboga iko wapi? Mwanamume mzima anahitaji takriban miligramu 90 za vitamini C kwa siku, na pera moja la wastani latosha. Fungua kwa tende na maji kama alivyofanya Mtume wetu, kisha weka kachumbari yenye ndimu, na sukuma wiki, managu au terere isiyopikwa ikachakaa. Kwenye daku, ongeza karanga na embe au chungwa. Haya yote yapo sokoni kwetu.

Aliyeandikiwa dawa na daktari aendelee nayo. Lakini wewe kijana mzima, usimwombe mama pesa za kopo la vidonge ilhali anahesabu shilingi za unga. Hiyo ni israfu, na Surat Al-Aaraf, aya ya 31, imetukataza. Pesa hizo zinunue matunda, mle nyumba nzima.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na atupe afya ya kumwabudu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.