Mwenye kumwogopa Mungu hali shamba la ndugu yake
Maneno ya komite kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Sisi ni watu wa kurudi. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika kwa vita ya 1996, tukaishi katika makambi ya Lugufu na Nyarugusu, upande wa Kigoma. Toka 2005 meli za HCR zilianza kuturudisha hapa Baraka. Tulifurahi kukanyaga udongo wetu. Lakini wengine walikuta shamba lao linalimwa na mutu mwingine, naye anasema alilinunua. Njo hapo vita ingine inaanzia, kati ya jirani na jirani.

Nehemia aliongoza watu kama sisi, Wayahudi waliotoka uhamishoni. Maadui walikuwa inje, lakini kilio kikubwa kilitoka ndani: wakati wa njaa, matajiri waliwakopesha ndugu zao kwa faida, wakakamata mashamba yao, hata watoto wakauzwa utumwani. Nehemia alikasirika sana. Alishauriana kwanza na moyo wake, halafu akawakemea wakubwa uso kwa uso, akaita mkutano, wakaapa mbele ya makuhani kurudisha mashamba. Yeye mwenyewe, kwa miaka 12, hakula posho ya liwali, kwa kuwa alimwogopa Mungu na watu walikuwa wamelemewa.

Hata hapa Kivu tuko na mfano. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alitetea wakimbizi na wenyeji pamoja. Vita ilipofika hakukimbia. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Hakushika bunduki.

Kwa hiyo uaminifu wa kiongozi hatuupimi kwa urefu wa maombi yake peke. Tunauangalia katika mambo matatu.

Kwanza, shamba. Mbele ya kukimbilia panga ao tribinali, tuwaketishe wote wawili pamoja na wazee. Tusikilize aliyerudi, tusikilize na aliyenunua, maana naye pengine alidanganywa. Tutembee mpaka pamoja na majirani, tuandike mapatano, kila mutu atie sahihi.

Pili, feza. Sanduku lifunguliwe mbele ya wanachama. Kiongozi asiombe hata franka moja kwa mutu anayeleta shauri lake, zaidi sana mjane.

Tatu, ulimi. Mutu akiiba, tumwite mwizi. Kabila lake halikuiba. Habari ya njiani isipitie kinywa cha kiongozi mbele haijachunguzwa, maana neno moja linaweza kuchoma kijiji.

Wafadhili wetu, mukifika, muombe kuona daftari letu. Na ninyi wanachama, mukiona komite inapotoka kwa haya matatu, simameni mutuambie mkutanoni, siyo sokoni.

Mungu aliyetuvusha ziwa atulinde.