Injini Mpya Katika Gari Kuukuu
Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha nje ya ofisi akaniuliza kama kuna katazo la kufunga injini ya turbo katika Starlet yake ya miaka ya 90. Nilimjibu kwamba kubadili injini kwenyewe si kosa. Akasema, "Kwa hiyo kaka, niendelee?" Hapo sikuwa na jibu la haraka. Nimeomba nafasi hii nimjibu mbele yenu, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Kazi anayoitaka si ya kubezwa. Toyota wenyewe waliunda injini ya 4E-FE ya kawaida na 4E-FTE ya turbo zenye ujazo uleule wa cc 1331, na zote zilifungwa katika Starlet. Mafundi wetu wanajua kuiingiza. Wasiwasi wangu uko chini ya injini, kwenye usukani na breki, mahali ambapo mteja hatazami anapokuja kuchukua gari lake.

Niwape kisa kimoja kutoka Uingereza. Mwaka 1959 Alec Issigonis alitoa gari dogo la Mini, lenye injini ya cc 848 iliyolazwa kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele. Mpangilio huo wa kulaza injini ndio ulio katika magari mengi madogo ya mitaani kwetu, Starlet zikiwemo. John Cooper, ambaye magari yake ya mashindano yalitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1959 na 1960, akaipenda Mini akaiongezea nguvu. Halafu likaja wazo la kufunga injini ya pili nyuma, ili kila jozi ya magurudumu iwe na injini yake. Gari la namna hiyo lilishiriki mashindano ya Targa Florio kule Sicily mwaka 1963, na injini ya nyuma ikasumbua kwa kuchemka.

Tazameni ugumu wake. Mitambo iliyofungwa nyuma ilibuniwa kwa ajili ya mbele, yaani magurudumu yake yana viungo vya kukata kona. Yakiwekwa nyuma hayana budi kuzuiwa kwa fimbo zisizosogea. Fimbo moja ikiachia, gurudumu la nyuma hujigeukia lenyewe, na dereva aliyeshika usukani hana la kufanya. Mwaka huohuo wa 1963, Cooper alipata ajali karibu na London akiendesha Mini ya injini mbili, akaumia vibaya kichwani. Alipona. Huyo alikuwa bingwa wa dunia, mwenye karakana na wahandisi.

Turudi gerejini kwetu. Injini au giaboksi kubwa ikikosa nafasi, fundi hushawishika kusogeza stelingi reki juu au chini kidogo. Tairodi na mkono wa chini wa gurudumu hupanda na kushuka pamoja kila gari linapopita tuta. Reki ikihama, viwili hivyo haviendi tena sambamba, na gurudumu hugeuka kwenye kila shimo ingawa dereva hakukata kona. Kwa mwendo wa 40 utasema gari linayumba kidogo. Kwa mwendo wa 100, kwenye barabara zetu tunazozijua, ni jambo jingine kabisa. Kulipima si gharama: toeni springi, fungeni usukani usicheze, nyanyueni gurudumu kwa jeki kidogo kidogo, na pimeni kama linabadili uelekeo. Likibadili, reki irudishwe.

Mhimili wa usukani na tairodi visirefushwe kwa kuchomelea. Moto hubadili ugumu wa chuma pembeni mwa kiungo, na ufa huanzia hapo bila kuonekana. Kuhusu breki, kumbukeni kwamba gari linalokwenda 120 lina nishati mara 4 ya lile linalokwenda 60, na nishati yote hiyo humezwa na breki zilezile za zamani.

Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini, nenda TRA ukiwa na uthibitisho wa ulikoinunua, taarifa zirekebishwe, kisha ijulishe kampuni yako ya bima. Nasisitiza bima kwa sababu atakayegongwa ni jirani yako, na yeye hakuchagua turbo.

Kwa vijana wenye gereji: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri inagawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kuomba fedha za jeki imara na vifaa vya kupima magurudumu. Muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Fundi aliyejifunza kazi gerejini bila cheti anaweza kupimwa ujuzi wake na VETA akarasimishwa.

Kijana wangu namwona amekaa pale nyuma. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba maswali yaanze na yeye.